Usikigonge

Kibanda chetu kiko nyuma ya stesheni ya Diksmuide,
kimebanwa kati ya duka la baiskeli na ukuta wa kanisa.
Januari mvua ya Flandria huingia dirishani
kama mteja asiyejua foleni.

Shangazi Hortense hakuniachia nyumba wala pete.
Aliniachia deni la gesi, paka chongo,
na kikapu cha waya cha kukaangia viazi
alichokinunua Gent mwaka niliozaliwa.
Tulikuwa rika moja, mimi nacho.
Chenyewe ndicho kilichofanya kazi zaidi.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilikigonga,
ga! ga! kwenye ukingo wa tangi,
nikitaka mafuta yadondoke upesi.
Akanidaka kifundo cha mkono.
"Hiyo si ngoma, Lieselot.
Kiungo kinasikia kila kofi.
Leo hakijibu. Siku moja kitajibu."
Tangu hapo nakiinua, nakitundika kwenye ndoano yake,
nahesabu hadi kumi na mbili,
mafuta ya ng'ombe yashuke yenyewe,
tone, na tone,
na lile la mwisho linalositasita.

Sheria zake hakuziandika popote.
Viazi nusu kikapu, hata foleni ifike relini.
Chumvi kando kabisa, kwenye beseni la bati,
kamwe si juu ya waya.
Usiku maji ya moto na magadi,
brashi ifuate mkondo wa nyaya, pembe kwa pembe,
kisha kukausha, na hapo utani uliisha:
kukausha hadi kitambaa kitoke kikavu kama kilivyoingia.
"Kutu haina miguu," alisema.
"Hubebwa na mvivu."

Binamu yangu Wannes ana mkahawa Roeselare.
Hununua vikapu kwa dazeni,
nyaya nyembamba kama sharubu za kamba,
na kila baada ya miezi minne hutupa.
"Muda wako una bei gani?" aliniuliza.
Sikumjibu. Nilikuwa nakausha.

Alhamisi iliyopita alikuja Firmin,
dereva wa lori la viazisukari,
pakiti kubwa, mayonesi pembeni, kama kawaida.
Nilikaanga mara ya kwanza kwa moto wa chini,
nikavipumzisha, nikavirudisha kwenye moto mkali.
Usione vyaelea, ndugu yangu.
Nikavimwaga, na katikati ya chipsi
kitu kikameta,
urefu wa ukucha wa mtoto.

Nikavitupa vyote.
Firmin akanitazama, matone ya mvua yakining'inia kofiani.
"Subiri," nikamwambia.
Nikapapasa wavu kwa kidole:
pembe ya kushoto, chini ya mpini, pengo,
na nyaya tatu jirani zikicheza
kama meno ya mtoto wa miaka sita.
Miaka thelathini na minane.

Fundi wa kulehemu yupo, mtaa wa pili.
Nilimfikiria, sikatai.
Lakini ningeweza kuapa kwamba Hortense,
aliyekiosha hata usiku aliomzika mumewe,
angekitoa kazini kabla mafuta hayajapoa.
Siku zote alikuwa akilinda koo la mteja.
Kikapu kilikuwa njiani tu.

Chini ya kaunta kulikuwa na kimoja cha Wannes,
zawadi ya Krismasi, bado ndani ya nailoni.
Nikakiosha, nikakikausha, Firmin akikohoa makusudi.
Chepesi. Cheupe mno. Mkono haukukijua.
Nikakaanga upya, nikainua,
nikahesabu hadi kumi na mbili.

Usiku nilikitia kile cha zamani kwenye magadi.
Nikakisugua pembe kwa pembe, hata lile pengo.
Nikakikausha hadi kitambaa kikatoka kikavu,
ndipo nikakipeleka kwenye pipa la vyuma chakavu.

Ndoano ni pana kidogo kwa mpini mpya;
kikapu kinalala upande.
Kesho nitaikunja.